Steroidi za kupaka na za kupuliza puani
Kila ifikapo Juni, baridi ya hapa Uyole, Mbeya, inapokausha ngozi na vumbi kuanza kuziba pua, wengi huingia duka la dawa na kuomba krimu ya kuzuia muwasho bila kuuliza ina nguvu kiasi gani. Jambo hili linanisumbua, kwa sababu nyingi ya krimu hizo ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na nguvu zake hutofautiana: klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali mno kuliko haidrokotisoni ya asilimia 1, hata kama namba yake ni ndogo.

Tangu mwaka 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic nchini Marekani alipompa kotisoni, mojawapo ya steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi naye akapata nafuu ndani ya siku chache, dawa hizi zimewaondolea wengi mateso. Hata hivyo, hutuliza uvimbe kwa kupunguza kinga ya mwili, na hapo ndipo hatari ilipo: fangasi iliyopakwa klobetasoli huacha kuwasha, wekundu hupungua, kumbe inaendelea kutambaa huku mpaka wake ukififia, hata daktari akapata shida kuitambua. Pale Mwanjelwa huwaona kina dada waliojichubua kwa krimu hizo, mashavu yamekuwa membamba na vimishipa vyekundu vimejitokeza, inaniuma sana.

Steroidi ya kupuliza puani haina hatari kubwa hivyo, mradi ncha ielekezwe upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati, na itumiwe kila siku, maana nafuu yake huja taratibu. Kwa krimu, mstari uliokamuliwa wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hutosha eneo la viganja viwili.