Mdhamini Anayekudai Kodi

Taarifa ya kukamatwa kwa dogo wetu haikutoka kituo cha polisi. Ilitoka kwa bodaboda mwenzake wa kijiwe kimoja, Jumamosi usiku, Desemba 2019: "Kaka, dogo wako yuko ndani. Kazipiga na abiria."

Dogo mwenyewe ni mtoto wa mama yangu mdogo, amepanga chumba Mbagala. Ugomvi ulianza kwenye nauli. Yeye anasema walikubaliana 2,000, abiria anasema 1,500. Zikapigwa ngumi, abiria akaanguka na kichwa kikagonga ukingo wa mtaro. Polisi wakaandika shambulio la kudhuru mwili, majeruhi akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akakimbizwa hospitali, dogo akavuliwa mkanda na viatu akaingizwa mahabusu.

Nilifika kaunta nikiwa na haraka ya mtu anayedhani mambo yataisha usiku huohuo. Ukutani kulikuwa na tangazo lile ambalo kila aliyefika kituo cha polisi nchini analijua, kwamba dhamana ni haki na inatolewa bure. Chini ya tangazo hilo askari wa zamu akaniambia wanasubiri kwenda kumwona majeruhi hospitali, ila gari halina mafuta. Sikujua ananihabarisha au ananiomba, nikaitikia "sawa afande" nikakaa kwenye benchi.

Ukweli ni kwamba sababu yake, mbali na hayo mafuta, ilikuwa na mantiki. Sheria inataka mtu aliyekamatwa apelekwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, na kama kosa si zito mkuu wa kituo anaweza kumpa dhamana palepale, mdhamini akasaini na kuondoka naye. Lakini majeruhi alikuwa hajazinduka vizuri. "Huyu akifa," afande alisema, "jalada linageuka mauaji. Na mauaji hayana dhamana, hata uje na waziri." Ni kweli. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha: makosa ya namna hiyo mshitakiwa anasubiri kesi yake akiwa gerezani, iende mwaka, iende miaka.

Basi Jumapili kutwa tulishinda nje ya kituo tukimwombea uzima mtu ambaye hata jina lake tulikuwa hatulijui. Mama mdogo alileta wali maharage kwenye hotpoti. Askari akamwambia auonje kwanza mbele yake. Akala kijiko kimoja huku machozi yanamtoka, hotpoti ikapita.

Jumatatu majeruhi akaruhusiwa hospitali na bandeji kichwani. Jumanne asubuhi dogo akapelekwa mahakama ya mwanzo. Hakimu katikati, wazee wawili washauri pembeni, kila kitu kwa Kiswahili, hakuna wakili wala joho. Akasomewa shitaka, akakana. Hakimu akasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wakazi wa Dar es Salaam, kila mmoja na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho na picha, kila mmoja asaini bondi ya shilingi laki tano, na mmoja wao awe mtumishi wa serikali au mwenye mali isiyohamishika.

Katika maneno yote hayo mama mdogo alisikia laki tano tu. Nilimkuta nje kwenye mwarobaini ameshapiga simu kwa mwenyekiti wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na anamuulizia mteja wa friji. Ilibidi nimkalishe chini. Bondi ya namna ile hulipi kitu siku unayoisaini. Unaahidi kwa maandishi kwamba mshitakiwa atakuja kila tarehe, na akitoroka ndipo mahakama inakugeukia wewe ulipe. Alinitazama kwa mashaka. "Yaani anataka karatasi tu?" Karatasi na watu, nikamwambia. Na kumbe watu ndio walikuwa kazi.

Mdhamini wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili, huyo wa mali isiyohamishika, hatukuwa naye.

Getini palikuwa na jamaa mmoja amevaa shati la mikono mirefu, faili kwapani, ananong'ona na kila familia inayotoka. Kishoka, yaani dalali asiye rasmi. Alisema ana mtu mwenye nyumba, barua tayari, mhuri tayari, sisi tumpe 150,000 tu na dogo analala nyumbani. Mama mdogo akaanza kufungua kanga. Nilimvuta mkono. Mdhamini wa kukodi anaidanganya mahakama kwamba anamfahamu mshitakiwa, na siku kikinuka yeye hapatikani, mnabaki ninyi.

Cha ajabu, jioni ile binamu yetu aliyeko Houston, Marekani, alipiga simu kuulizia, akashangaa kwa nini tunahangaika. Kule kwao, alisema, kazi ya yule kishoka ni biashara yenye leseni na ofisi karibu na jela. Dhamana ikiwa dola 5,000, unamlipa mfanyabiashara kama asilimia kumi, dola 500, yeye anaiwekea mahakama ahadi ya zote, na hiyo 500 hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Mama mdogo alisikiliza kwenye spika ya simu halafu akauliza kama asiye na hiyo 500 anafanyaje. "Anakaa ndani, mama mdogo." Akaguna.

Turudi mchana ule. Mjomba ana nyumba Temeke yenye hati safi kabisa. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alishawahi kumdhamini mtu mkopo akamkimbia, na tangu hapo aliapa. Sikumlaumu sana. Jirani mmoja mwalimu, mtumishi wa serikali haswa, alisema mpaka mkuu wa shule amwandikie barua, na shule imefungwa. Mwingine alizima simu.

Aliyetutoa ni mama mwenye nyumba wa dogo. Hatukumwendea kumwomba, tulikwenda kuchukua shati safi chumbani. Akatuuliza kulikoni, tukamweleza. Akasema, "Sasa ninyi mmezunguka kote huko mkaniacha mimi? Huyu namdai kodi ya miezi miwili. Akikaa ndani nani atanilipa?" Akaingia ndani akatoka na leseni ya makazi, karatasi ya serikali inayomtambua mwenye nyumba, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa na mwenyekiti mpya. Uchaguzi wa mitaa ulikuwa umefanyika Novemba 24 na ndiyo kwanza amekalia kiti. Akaanza kuuliza kwa sauti ya kiofisi nani anamfahamu huyu mama. Mama mwenye nyumba akamkata: "Mimi nimekuogesha wewe." Barua ikaandikwa, mtendaji akagonga mhuri.

Tuliporudi mahakamani karani akakagua. Leseni ilikuwa na jina la marehemu mumewe, mirathi haijafunguliwa. Na mimi kitambulisho cha taifa, cha NIDA, sikuwa nacho, nilikuwa na namba tu iliyochapwa kwenye karatasi, kama nusu ya Watanzania waliokuwa wakipanga foleni kipindi kile kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Nikatoa kadi ya mpiga kura, ikakubalika. Habari ya leseni ikabidi aamue hakimu mwenyewe, na hakimu alikuwa ameshaondoka. Karandinga nalo liliondoka, dogo ndani yake, kwenda gereza la Keko.

Asubuhi yake hakimu aliisoma leseni, akaisoma barua, akamuuliza mama mwenye nyumba kama anajua kwamba mshitakiwa akitoroka atalipa yeye. "Hatoroki," akajibu, "pikipiki yake nimeifungia uani kwangu." Wale wazee washauri walicheka, hakimu akainama kuandika. Tukasaini. Hati ya kumwachia ikapelekwa gerezani, na alasiri dogo akatoka bila mkanda. Ulibaki kituoni na hatukuwahi kuufuata.

Watu hudhani mambo yanaishia hapo. Tarehe za kutajwa zilikuwa nyingi, na mara zote mama mwenye nyumba alikuja, ametangulia kumgongea dogo mlango alfajiri. Hakimu akawa anazihimiza pande mbili zielewane, na mwishowe tulikwenda nyumbani kwa majeruhi na wazee wa pande zote. Alitaka gharama za matibabu na kuombwa radhi mbele ya mkewe. Pesa ilitoka VICOBA, ile ambayo mama mdogo alikuwa ameshaiagiza siku ya kwanza na hakuwahi kuifuta. Kesi ikaondolewa, bondi zetu zikafutwa. Kodi ya miezi miwili ilikuwa imeshakuwa ya minne. Pikipiki ikaendelea kukaa uani kwa mwenye nyumba kila usiku mpaka kodi ilipokwisha kulipwa.