Siku niliyolewa bila kunywa

Juzi kijana wetu wa kati, huyu aliyeingia kidato cha tano, kaniletea daftari la kemia. "Baba, huyu Dalton anasema gesi zikiwa chombo kimoja, kila moja inasukuma kivyake kama vile wenzake hawamo. Inawezekanaje, na zimeshachanganyika?"

Nikamjibu kwa michango ya harusi, maana mwezi huu kadi zimejaa mezani. Kila mtu anatoa chake bila kuchungulia bahasha ya jirani. Kamati ikijumlisha, ndiyo bajeti. Hewa ya hapa ufukweni ina presha ya atmosfia 1: nitrojeni imechangia kama 0.78, oksijeni 0.21, waliobaki wametoa vishilingi. Akaandika, akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa, pua imejaa harufu ya mpira wa suti ya kuzamia.

Pombe sijawahi kuionja. Lakini nimelewa mara moja, na aliyenilewesha ni huyo wa 0.78.

Ilikuwa Pemba, upande wa Misali, enzi zile za kubebea wageni mitungi. Siku hiyo hakukuwa na mgeni. Tulishuka wawili, mimi na mkubwa wangu wa kazi, mpango ukiwa mita 30. Pale ukuta wa matumbawe unateremka wima mpaka jicho linakata tamaa. Nikaufuata.

Mita 40. Namba nilikuwa naziona mkononi, nne na sifuri, ila zilinichekesha. Sikujua zinataka nini kwangu. Halafu akatokeza chewa. Mnene, mdomo kaubinua, kasimama kwenye tundu la jiwe kama mwalimu wetu wa nidhamu alivyokuwa akisimama mlangoni saa moja na nusu asubuhi. Nikaona ni utovu wa adabu kumpita hivi hivi. Nikakishika kile kidude cha kupumulia, nikaanza kukitoa mdomoni nipate kumwamkia. Wala sikuwa na haraka. Nakumbuka nilikuwa bado nachagua: shikamoo tupu, au shikamoo mwalimu?

Mkono ukanidaka. Mkubwa akakikandamiza kidude mdomoni mwangu, akanishika fulana ya hewa, tukaanza kupanda taratibu. Tulipofika mita 25 hivi akili ikarudi yenyewe, kama redio iliyopata kituo.

Kwenye boti hakunigombeza. Alimenya chungwa, akanipa nusu, akanieleza (mfano wa michango ni wake, mimi nimeurithi tu). Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza karibu atmosfia 1. Kule chini zilikuwa 5. "Asilimia ni zile zile, mdogo wangu, ila kila mchangiaji katoa mara tano." Kwa hiyo nitrojeni peke yake ilikaribia 3.9, karibu mara nne ya hewa yote ya juu ikijumlishwa, na inayeyuka mwilini kwa kadiri inavyosukuma. Ubongo hausomi asilimia.

Kijana nimempa hesabu, chewa nimemficha. Tena kuna jambo hata mama yake sijamwambia. Wakati navutwa juu, kabla hofu haijaniingia, nilikasirika. Nilimwona mkubwa hana adabu kabisa: ananiondoaje, na mwalimu hajaitikia marahaba?