Picha za Baba zilivyofika kwenye tableti ya Mama

Dada yangu alipomnunulia Mama tableti ya Android, swali la kwanza la Mama lilikuwa: "Na zile picha za baba yenu nitazionaje humu?" Zilikuwa kwenye diski yangu ya nje ya TB 1, za kuanzia 2009 mpaka 2018, mwaka aliofariki Baba. Laptopu niliyokuwa nazifungulia ilishakufa zamani. Nikamwahidi kwamba nikija Tanga likizo nitamhamishia, nikidhani ni kazi ya nusu saa.

Nilifika na waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi au diski kwenye tableti. Nikachomeka. Taa ya diski ikawaka, ikasikika ikianza kuzunguka, ikazima, ikaanza tena: tiki, tiki, tiki. Nikaichomoa haraka, kwa sababu diski inayozunguka ikikosa umeme wa kutosha inaweza kuumia. Diski hizi hazina umeme wake zenyewe, zinanyonya kwenye tundu la USB. Tundu la USB 3.0 la kompyuta hutoa hadi miliampia 900, na tableti inaweza isifike hapo. Flashi hutumia umeme kidogo tu, ndiyo maana flashi ya dada ilifunguka kwenye tableti ileile.

Mjini nikapata kigawanyio cha USB kinachochomekwa kwenye chaja. Safari hii diski ikazunguka bila kukwama, na hapo ndipo nilipokaribia kufanya kosa ambalo nisingejisamehe. Ujumbe ukatokea kwamba hifadhi hii haisomeki, gusa ili kuiandaa. Mama, aliyekuwa amekaa ubavuni kwangu, akasema, "Si ndiyo hiyo, mwanangu? Bonyeza." Kidole kilikuwa njiani.

Kuiandaa maana yake ni kuifomati, na kuifomati maana yake ni kufuta kila kilichomo. Ukiona ujumbe huo na ndani kuna kitu chako, ondoa mkono kwanza. Diski yangu ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imefomatiwa kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, na tableti nyingi za Android hazisomi NTFS. Zinasoma mfumo mwingine, FAT32, na nyingi za siku hizi zinasoma exFAT pia.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta. Akaichomeka kwenye kompyuta yake na mafolda yote yakatokea. Nilishusha pumzi. "Kaka, hii usiiguse," akaniambia. "Tafuta flashi yenye vichwa viwili, tupitishie humo." Kichwa kimoja huingia kwenye kompyuta, cha pili kwenye tundu la USB-C la tableti.

Nikanunua ya GB 32, kwani picha zote zilikuwa GB 19. Picha zikaingia, ila video ya harusi ya dada, yenye GB 5, ikakataa ingawa nafasi ilikuwepo. Flashi ilikuwa na FAT32, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Fundi akaifomati ile flashi kwa exFAT, tukaanza upya, na video ikaingia. Nilimwomba anakili tu, asikate, yaani asiziondoe kwenye diski wakati wa kuzihamisha. Umeme ukikatika katikati ya kukata, unabaki hujui kipi kimefika na kipi kimebaki.

Nyumbani mambo yakawa mepesi: programu ya faili, chagua zote, nakili, bandika kwenye folda la Pictures. Kilichonichukua muda ni kuyapanga mafolda. Mafolda yangu yalikuwa yamo ndani ya mengine, na kwa Mama hilo ni fumbo. Nikayatoa yote nje na kuyapa majina anayoyatumia mwenyewe: Harusi, Wajukuu, Baba. Kila folda likawa albamu yake kwenye galari. Picha za zamani tulizozipiga skani zilijipanga kwa tarehe za ovyo, nazo nikazitia kwenye albamu yao peke yake.

Mama alifungua ya Baba kwanza. Akafika kwenye ile aliyopigwa Raskazone, kavaa kofia, bahari nyuma yake. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka uso ukajaa kioo kizima, akakaa kimya. Kisha akaniuliza kama inawezekana iwe inatokea kila anapoiwasha tableti. Nikamwekea.