Ninavyonunua viazi kwa mizani bila kuiacha imani shambani

Nanunua viazi mviringo kuanzia Isongole na Ntokela hadi vijiji vya Uporoto, navikusanya Uyole, Mbeya, na vingi vinapanda lori kwenda Dar es Salaam. Katika kazi hii Ukristo wa mtu hupimwa mapema sana, kabla hata Jumapili haijafika. Unapimwa pale gunia linapofungwa. Mithali 11:1 inasema wazi kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na Walawi 19 inaweka vipimo vya haki katika sura ileile inayoamuru kumpenda jirani. Naandika ninavyofanya, kwa ajili ya ndugu wanaotaka kufanya biashara hii na bado waweze kushika kikombe cha Meza ya Bwana bila kujificha.

Kwanza tuelewane kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake. Kuna wanunuzi wanaomtajia mkulima Luka 6:38, kile kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika, wakati wanashindilia viazi na kusuka kamba juu ya gunia lililokwishajaa. Huko ni kuligeuza Neno. Bwana Yesu pale anazungumza na mtu anayetoa, anamwambia asibane mkono. Hampi mnunuzi ruhusa ya kumkamua anayeuza. Anayetaka kuishi andiko hilo kwenye biashara ya viazi, basi yeye ndiye ashindilie anapouza.

Lumbesa haidumu kwa sababu ya uroho peke yake. Inadumu kwa sababu gharama nyingi zinahesabiwa kwa gunia. Makuli analipwa kwa gunia, lori linatoza kwa gunia, na mageti ya ushuru na masoko mengine nayo yanahesabu magunia. Kwa hiyo anayeingiza kilo 140 kwenye gunia moja amelipia moja na kusafirisha karibu moja na nusu. Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata. Lakini kama hukuibadilisha hesabu ya gharama zako, utarudi kwenye lumbesa tu hata kama moyo hautaki. Mimi nakubaliana na mwenye lori bei ya tani nzima kabla ya kupakia, na makuli nawalipa kwa tani. Hapo gunia kubwa halina faida yoyote kwangu, na jaribu lenyewe limekosa chakula.

Mizani

Zipo za aina mbili zinazofaa shambani: ya kuning'iniza yenye springi, na ya jukwaa. Ya kuning'iniza ni rahisi kubeba kwenye pikipiki, ila springi yake huchoka. Ikichoka inasoma zaidi ya uzito halisi, na ikishika kutu inakwama na kusoma pungufu. Ya jukwaa ni imara zaidi, lakini ukiiweka kwenye tuta au udongo laini inaegemea upande na kudanganya. Tembea na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea. Ya kidijitali nayo betri ikianza kuisha, namba zinarukaruka. Usiendelee kupima kwa matumaini. Badilisha betri.

Mizani lazima ipelekwe Wakala wa Vipimo, ikaguliwe na kubandikwa stika ya mwaka husika. Ila stika ni ya siku ile ya ukaguzi. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine mizani imerushwa kwenye bodaboda mara nyingi mno, kwa hiyo naijaribu mwenyewe kila asubuhi ya kununua, mbele ya wakulima. Jaribio rahisi ni mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Hakuna kijiji huku kwetu kitakosa. Ukikosekana, chukua katoni ya maji ya chupa 12 za lita moja na nusu. Maji hayo ni kilo 18, ukijumlisha plastiki haitafika 19. Usitumie dumu la lita 20 lililojazwa hadi mdomoni, maana madumu mengi hupokea zaidi ya lita 20 na utaihukumu mizani isiyo na kosa.

Mshale usomeke sifuri ndoano na kamba vikiwa vimeshaning'inia. Gunia lisiguse chini wala mguu wa mtu, lisiegemee nguzo. Subiri litulie, kisha soma jicho likiwa usawa wa mshale. Ukisoma ukiwa umesimama juu, nusu kilo inapotea au inaongezeka. Mimi sisomi peke yangu. Mkulima anasoma kwa sauti, mimi naandika, na kama macho yake yamechoka namwomba mjukuu au mtoto wake anayesoma shule atusaidie. Daftari langu lina karatasi ya kaboni, nakala inabaki kwa mkulima ikiwa na tarehe, kilo za kila mfuko, bei ya kilo na jumla.

Uzito wa mfuko mtupu upime, usiukisie. Pima mifuko kumi pamoja, gawanya kwa kumi. Mifuko ya salfeti ni miepesi sana, mara nyingi kumi haifiki hata kilo mbili, kwa hiyo anayemkata mkulima kilo nzima "ya mfuko" amemla.

Udongo, mawe na makato

Masika, viazi vya Uporoto vinatoka ardhini na udongo mwingi. Wanunuzi wengi hukata kilo tano kila gunia bila kuangalia. Mimi nafanya hivi: nachukua kilo 10 kutoka sehemu mbalimbali za rundo, nazifuta kwa gunia kavu, napima tena. Zikibaki kilo 9 na gramu 600, udongo ni asilimia nne, na ndiyo ninayokata, mkulima akiona. Zikibaki 9 na 900, nakata asilimia moja. Usioshe viazi kwa maji ili kupata jibu la haraka, maana kiazi kilichooshwa na kufungwa kikiwa na maji kitaozea njiani.

Haki ina pande mbili. Wapo wanaoweka vizuri mdomoni mwa gunia na katikati kuna vilivyokatwa na jembe, vya kijani, hata jiwe. Kwa hiyo namwaga kila gunia kwenye turubai kabla ya kupima, bila kumtuhumu mtu. Namwaga ya mzee wa kanisa na ya mlevi wa kijiji sawasawa. Vya kijani sinunui hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ile kijani inaambatana na sumu iitwayo solanini, na mama atakayevinunua kwa fungu mjini hataonywa na mtu. Vilivyokatwa lakini havijaoza navitenga. Wajane na wazee wa pale wanajua kwamba wakisubiri mwisho wa upakiaji watachukua. Hilo nimelitoa kwenye Walawi 19:9 na 10 kuhusu masazo ya mavuno. Vilivyooza haviingii kwenye rundo hilo kamwe. Usimpe maskini kitu ambacho nguruwe angekikataa ukakiita sadaka.

Tena mwambieni mkulima akate majani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba. Ngozi hukomaa. Sugua kiazi kwa kidole gumba: ngozi ikibanduka, bado hakijakomaa. Kiazi kichanga kinachubuka, kinapoteza maji na uzito, na ndipo mnunuzi anapoanza kutafuta wa kumfidia hasara.

Bei: hapa ndipo wengi wanakata tamaa

Mkulima amezoea bei ya gunia. Akija mwenye lumbesa na kusema 70,000, na wewe ukasema 52,000 kwa kilo 100, wewe ndiye utaonekana mwizi. Usibishane kwa maneno. Mwombe ruhusa mpime ile lumbesa. Tuseme imetoka kilo 140. Gawanya 70,000 kwa 140, ni shilingi 500 kwa kilo. Bei yako ni 520. Kilo zilezile 140 kwako ni 72,800, yaani amepoteza 2,800 kwa gunia moja, na jasho la kushindilia juu yake. Nimeona mara nyingi, hesabu hiyo ikifanywa kwa kijiti ardhini na mkulima mwenyewe, inaingia kuliko mahubiri. Wengine bado watakwenda kwenye lumbesa kwa sababu noti nyingi zikishikwa pamoja zinaonekana kubwa. Waache kwa amani, usiwasengenye.

Kitu kimoja nakiomba sana kwa wapendwa wenzangu: msitumie wokovu kushusha bei. "Tuko Kanisa moja, mama, nipunguzie" ni kumfunga mtu kamba, kwa sababu anaona akikataa amelikataa Kanisa. Mimi nataja bei kabla ya kusema Bwana asifiwe ya pili. Na kama tumeomba kabla ya kupima, sala iwe fupi; watu wamesimama kwenye baridi ya Juni.

Kilo zinazosomeka ndizo zinazolipwa. Ikisoma 98 na nusu, nusu hiyo ni shilingi 260 za mkulima, zilipwe. Nikilipa kwa simu naongeza ada ya kutolea, vinginevyo bei tuliyopatana siyo anayoipokea mkononi. Kiazi pia hupungua uzito njiani kwa kupoteza maji. Mimi hukadiria kilo mbili kwa kila mia hadi Dar es Salaam, na upungufu huo nauweka kwenye hesabu ya bei mapema. Anayetaka kuurudisha kwa mizani anamwibia mkulima kwa kosa la jua.

Watu wanaobeba

Ujira wa kibarua usilale kwangu hadi asubuhi. Hilo ni Walawi 19:13 na halihitaji tafsiri. Linachohitaji ni chenji. Asubuhi natoka na noti za 1,000, 2,000 na 5,000 zilizokwishahesabiwa kwa idadi ya watu, maana ugomvi mwingi wa jioni unatokana na noti ya 10,000 ya watu watatu iliyokosa kugawanyika. Nafungasha kilo 50 badala ya 100. Mgongo wa kijana wa miaka 20 unaobeba gunia la kilo 140 kwenye ubao wa lori utamlaumu akifika 40, na viazi navyo havipondeki. Na lori nalipakia liondoke Ijumaa au Jumamosi asubuhi, dereva na vijana wapate ibada yao. Kwa mvua, barabara za juu huchelewesha, hivyo ukusanyaji lazima uishe Alhamisi.

Wengine watakuja wakati wa njaa, Januari au Februari, wakitaka uwanunulie viazi vikiwa bado chini, kwa nusu ya bei. Shida yao ni ya kweli: ada ya shule, hospitali. Sinunui. Nakopesha kiasi kidogo kwa maandishi, bila riba, anarudisha fedha au kilo kwa bei ya siku ya kuvuna. Sharti langu ni kukopesha kile ambacho kikipotea hakitaangusha mtaji, kwa sababu mvua ya mawe na ukungu wa majani havijali mkataba.

Juu ya mbegu sitaki mjadala mrefu. Shamba lenye mnyauko bakteria lisitoe mbegu. Ukitia shaka, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni ugonjwa huo. Viazi vizima vya shamba hilo vinaweza kuliwa, lakini ukimuuzia jirani kama mbegu umempandia ugonjwa utakaokaa ardhini mwake kwa miaka. Anayetaka mbegu namwelekeza kituo cha utafiti cha TARI Uyole akaulize wazalishaji waliothibitishwa.

Fungu la kumi

Naulizwa kama linatoka kwenye mauzo au faida. Mchuuzi akitoa kwenye mauzo, atakuwa anatoa fedha za mkulima. Chukua mfano wa tani 7 kwa 520: ni 3,640,000. Zinafika kilo 6,860, zinauzwa kwa 750, ni 5,145,000. Toa lori 700,000, mifuko 70,000 na vibarua pamoja na ushuru 250,000. Inabaki 485,000, na fungu la kumi ni 48,500. Ushuru uwe na risiti ya mashine. Hela ya kupitisha geti kimya haiandikwi kwenye daftari langu kwa sababu haitolewi.

Na kama kuna mkulima yeyote ambaye bado hajalipwa, bahasha inasubiri. Kwanza namtumia fedha yake, nasubiri anijibu kwamba imefika, ndipo nahesabu ya madhabahuni.