Siku moja maishani mwangu: mama mkubwa ana barafu zake, mimi nina yangu

Saa 11 alfajiri naamshwa na matone. Bati la nyumba yetu hapa Chuno, Mtwara, linadondosha umande utafikiri mvua ilinyesha, wakati mwezi wa saba huu anga safi kabisa na nyota zote zipo. Bati limetoa joto usiku kucha, joto limekwenda zake juu, hakuna wingu la kulirudisha, basi limepoa kuliko hata hewa iliyolizunguka. Kumbukeni hilo bati, mchana litanitia aibu.

Saa 12 namfungia mama mkubwa barafu za ubuyu na ukwaju kwenye vifuko. Yeye ndo mwenye barafu za kuuzwa, mimi nasoma masters na tasnifu yangu ni joto linalotoka kwenye barafu ya Antaktika, lile bara la barafu kusini kabisa mwa dunia. Yani barafu inatoa joto? Kila mtu ananiuliza hivyo mpaka bodaboda wa kijiweni. Inatoa, kila kitu kinatoa. Ardhi ya nyuzi 27 inarusha juu karibu wati 460 kwa kila mita ya mraba, barafu ya nyuzi 70 chini ya sifuri inarusha kama wati 96. Kidogo, lakini sio sifuri.

"Na hiyo yako lini itauzwa mwanangu?" mama mkubwa ananiuliza. Nimezoea.

Saa 2 nafungua laptopu. Mafaili niliyashusha usiku kwa bando la usiku maana mchana nitafilisika. Data ni ya NASA, shirika la anga la Marekani, bure, ya mradi unaoitwa PREFIRE, visatelaiti viwili kila kimoja kama boksi la viatu (mabawa ya sola usiyahesabu), vilirushwa kutoka New Zealand 25 Mei na 5 Juni 2024. Viko viwili ili vipite sehemu ileile kwa saa tofauti uone kilichobadilika katikati. Ninachokipenda mimi ni sensa yake, yani kile kifaa cha kuhisi joto, haihitaji kugandishwa ndo ifanye kazi kama sensa nyingi za infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho), inapima joto kwa tofauti tu ya ujoto kati ya sehemu mbili zake, afu kila baada ya muda inatazama anga tupu ijisahihishe. Mama mkubwa angepata frizi ya hivyo angekuwa tajiri.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Kitu kikiwa baridi zaidi, mawimbi ya joto lake yanazidi kuwa marefu. Joto la ardhi ya Mtwara kilele chake ni karibu mikroni 10 (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), la ile barafu ya nyuzi 70 chini ya sifuri linasogea mpaka kama 14, na sehemu kubwa ya joto la ncha za dunia liko mbele zaidi ya mikroni 15, ambako satelaiti za zamani zilikuwa hazipimi vizuri. Huku kwetu hayo mawimbi marefu hayafiki mbali, mvuke wa hewa ya pwani unayameza yote. Kule hewa ni kavu, dirisha liko wazi, joto linatoroka moja kwa moja hadi angani.

Saa 7 umeme ukakatika. Sisemi kitu. Muhogo wa nazi na samaki, bodaboda, Shangani kwa rafiki yangu mwenye sola.

Saa 9 mkutano wa Zoom na Dokta wangu, msimamizi wa tasnifu, aliyeko Dar. Nimemwonyesha ramani yangu kwa mbwembwe zote, akakaa kimya, mi nikajua mtandao umegoma. Kumbe anaangalia. "Binti, mbona Antaktika yako mwezi wa saba ina joto hivi? Barafu imekwenda wapi?"

Shida ilikuwa kwenye programu niliyojiandikia ya kuondoa mawingu. Mimi ni mtu wa pwani bwana, kwangu ukitazama kutoka juu wingu ndo la baridi na ardhi ndo ya moto, kwaiyo nikaiambia programu kila pikseli, yani kila nukta ya picha, iliyo baridi mno ni wingu, futa. Kule wakati wa giza la miezi ni kinyume, barafu inapoteza joto mpaka hewa ya juu yake inakuwa na ujoto kuliko yenyewe, na wingu linakaa humohumo kwenye hiyo hewa, kwaiyo mara nyingi wingu ndo lenye joto. Nilifuta barafu nikabakiza mawingu. Wiki tatu. Na asubuhi bati limenidondoshea jibu usoni, lenyewe baridi kuliko hewa, sikuliona.

Dokta alicheka sana, mi nilicheka nusu.

Saa 12 jioni umeme umerudi. Barafu za mama mkubwa zimeyeyuka karibu zote, nyingine ameziuza kama juisi kwa bei ya hasara, zilizobaki tumezirudisha kwenye frizi hivyohivyo. Nikakaa jikoni na laptopu, wingu nikaacha kulitafuta kwa ubaridi peke yake, nikaanza kulinganisha mawimbi mafupi na marefu ya pikseli ileile, maana wingu na theluji hata vikifanana kwenye wimbi moja, vitatofautiana kwenye jingine.

Saa 4 usiku ramani ikatokea, uwanda wa mashariki wa Antaktika bluu iliyokolea. Mama mkubwa akainama kwenye skrini.

"Hii bluu ndo baridi?"

"Hapo ni nyuzi sabini chini ya sifuri mama."

"Na umeme huko haukatiki?"

Nikamwambia huko hata jua limekatika tangu mwezi wa nne. Akasema bora wao, wameambiwa litarudi lini.