Siku moja maishani mwangu: mkanda wa Komandoo umepatikana Ujiji

Saa 11:40 alfajiri

Simu inaita kabla hata ya adhana. Ni kijana mmoja wa bodaboda wa Ujiji. "Kaka, ule mkanda nimeuona. Ulikuwa chini ya kitanda cha marehemu babu, ndani ya ndoo ya mawese." Nikakaa kitako kitandani. Mke wangu akauliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni muvi. Akageukia ukutani.

Nina kibanda hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mchana watu wanaleta flash nawawekea muvi, mia tano moja, season elfu moja. Jioni natandaza mabenchi, nawasha projekta, panakuwa kibanda umiza. Siku ya mpira hakuna muvi, nisiwadanganye, mpira ndio unalipa kodi ya pango. Ila Alhamisi ya mwisho wa mwezi ni ya wapenda muvi. Tuko kama kumi na tano. Zamu ikikufikia unaleta muvi yako ya maisha, ile moja tu, unaonyesha kipande, unaitetea, halafu unashambuliwa.

Leo zamu yangu. Nimeikwepa miaka mitatu, maana muvi yangu haikuwepo popote.

Saa 2 asubuhi

Nafungua. "Mwakeye!" Mama lishe wa mbele ananisalimia huku akipuliza mkaa. Ni mjumbe wa Alhamisi, na ni mkali kuliko wote. Muvi yake ni Neria, ya Zimbabwe, ya 1993, ile ya mjane ambaye shemeji yake Phineas anamnyang'anya kila kitu, mpaka daftari la benki. Siku alipoionyesha hakutetea kitu. Alikaa tu, wimbo wa Oliver Mtukudzi ukapita, akasema, "Mimi nilikuwa na Phineas wangu." Hakuna aliyethubutu kupinga.

Wateja wa asubuhi ni walewale. Wanafunzi wanataka za Kikorea, dereva wa lori anataka za kivita "lakini zisizo na maneno mengi". Mdogo mmoja kaleta flash ina virusi mpaka kompyuta ikaganda. Twende mbele.

Saa 3:30

Bodaboda kaleta mkanda, umefungwa kwenye mfuko wa rambo. Nimpe elfu tano? Kasema elfu kumi. Nimetoa.

Niwaeleze sasa kwa nini mtu mzima anatoa elfu kumi kwa mkanda wa VHS uliopakwa mawese.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka kumi. Hatua chache kutoka hapa kulikuwa na kibanda cha mabati, kiingilio shilingi hamsini, na ndani kulikuwa na runinga ya inchi ishirini na moja na mtafsiri. Wengi mnamkumbuka Lufufu na mikanda yake ya kutafsiriwa. Sisi tulikuwa na wa kwetu, mchana fundi cherehani, usiku anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya runinga na maiki mkononi. Alizopenda sana alizirekodi, sauti yake juu ya picha, akawa anaazimisha mikanda hiyo mtaani. Alipofariki kibanda kikafa, na mikanda ikatawanyika.

Muvi ilikuwa Commando, ya 1985, Arnold Schwarzenegger. Sisi tulisema Komandoo. Adui wamemteka binti yake, wanampandisha ndege aende kumuua rais wa nchi ya watu. Ndege inaanza kukimbia, yeye anashuka kupitia kwenye matairi, anajirusha kwenye matope, anatega saa yake: ana saa kumi na moja mpaka ndege itue na wagundue hayumo. Hapo mtafsiri wetu akasema, na nakumbuka mpaka alivyovuta pumzi: "Saa kumi na moja, wananchi! Ni treni kutoka Tabora mpaka Kigoma. Akiwa Kaliua hajampata mtoto, basi. Akiwa Uvinza hajampata mtoto, mmemzika!"

Kuanzia hapo hatukuangalia saa. Tuliangalia stesheni. Kila adui akianguka mtafsiri anatangaza: "Urambo tumepita... Kaliua... sasa anaingia Nguruka, mtoto bado!" Kibanda kizima kinapiga kelele, kwa sababu kila mmoja wetu alishawahi kulala kwenye treni ile na anajua Nguruka ni mbali kiasi gani na nyumbani.

Mwaka 2014 nikapata ya asili, safi kabisa, nikaitazama peke yangu kwenye laptop. Hakuna Nguruka. Hakuna Uvinza. Steringi anasema maneno matatu, anapiga risasi, anasema mengine mawili. Niliizima katikati. Nilijisikia kama mtu aliyerudi kijijini akakuta nyumba aliyokulia imejengwa ghorofa.

Ndiyo maana wenzangu wananicheka. Mwalimu, anayefundisha kemia sekondari, hunijibu kila mwezi: "Huwezi kuchagua muvi ambayo haipo." Mimi nasema ipo, ila iko ndani ya ndoo mahali fulani.

Saa 4:15

Nimeufungua. Mkanda wa VHS una skrubu tano kwa chini. Niliogopa mafuta, kumbe mawese yameishia kwenye kava. Adui ni ukungu. Ukiangalia kwenye kidirisha unaona ukingo wa utepe umepata unga mweupe kama vumbi la muhogo. Ukiuchomeka hivyohivyo kwenye deki, hedi, vile vichwa vinavyosoma utepe, zinajaa uchafu na kila mkanda utakaofuata unaugua.

Nikavaa barakoa, nikalowesha kitambaa laini cha miwani kwa spiriti, kidogo, kisitiririke. Unaubana utepe katikati ya kitambaa kwa vidole viwili bila kukaza, unazungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Mita kwa mita. Kitambaa kinakuwa kijivu, unageuza upande. Mkanda wa saa tatu una zaidi ya mita mia mbili na hamsini za utepe. Mteja akiingia namwambia asubiri, akikataa namwambia aende. Nilipoteza kama elfu sita asubuhi hiyo, mke wangu asisome hapa.

Kitu kimoja kilinishtua. Kwa nyuma ya kava kuna kile kijino cha plastiki ambacho ukikivunja mkanda hauwezi kurekodiwa juu yake. Mtafsiri alikuwa akivivunja vyote, tulijua. Hapa kilikuwa kimevunjwa, sawa. Lakini juu ya tundu mtu alikuwa ameweka selotepu.

Nikaitazama ile selotepu muda mrefu. Nikajiambia huenda mtoto alikuwa anachezea.

Saa 7 mchana

Ugali wa muhogo na migebuka kwa mama lishe. Kapteni yupo. Si kapteni kweli, alikuwa fundi mitambo melini, lakini tunamwita hivyo na anaitika. Shikamoo, marahaba, kisha moja kwa moja: "Mwanangu, leo ukishindwa utachagua ya kwangu."

Ya kwake ni The African Queen, ya 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakishuka mto kwa kiboti kibovu kwenda kuilipua meli ya Wajerumani ziwani. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa muvi hiyo. Meli yenyewe kwenye muvi inaitwa Louisa, na inatajwa kuwa ilichorwa kutokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu hii iliyoko bandarini. Kapteni anaipenda muvi kwa sababu inamuudhi.

"Wanailipua!" anasema, kijiko hewani. "Nani aliilipua Liemba? Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, tena mitambo wakaipaka grisi kwanza, kama mtu anayefunga nyumba akijua atarudi. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini. Mimi nimeingia kwenye injini ile kwa mikono hii. Halafu Bogart ananiambia imelipuka!"

"Na walipigia wapi picha?" Mama lishe anamchokoza, jibu analijua.

"Uganda na Kongo! Nyingine studio, London! Ziwa lenyewe liko hapa, linawangoja."

Amefikisha mara ya ishirini kuiangalia. Nilimuuliza siku moja, Kapteni, kama inakosea kiasi hicho kwa nini ni muvi yako ya maisha? Akasema muvi nyingine zote zikiisha yeye hana la kusema. Jibu hilo nimelikumbuka mara nyingi wakati nasafisha utepe.

Saa 10 jioni

Deki imegoma. Mpira wa ndani umelegea, mkanda unaingia lakini hauzunguki. Fundi simu wa jirani akaja na mpira aliouchomoa kwenye redio ya kaseti, ukaingia. Huyu fundi muvi zake zote ni za Kanumba, na kila tarehe 7 Aprili, siku aliyofariki mwaka 2012, hafanyi kazi mpaka mchana. Hakunitoza. Alisema nimtajie jina wakati wa kuonyesha.

Sikuujaribu mkanda. Utepe wa umri ule, kila ukipita mbele ya hedi unaweza kuwa mara ya mwisho. Nilitaka mara hiyo iwe na watu.

Saa 1:30 usiku

Kibanda kimejaa. Waya tatu za AV, nyekundu, nyeupe, njano, zimeingia kwenye projekta, sabufa imekaa juu ya kreti. Kuna dogo mmoja mgeni anataka kujua kama season ya Kikorea inaruhusiwa kuwa muvi ya maisha. Zikapigwa kelele dakika kumi. Kura: hairuhusiwi, ila anaweza kuchagua episodi moja. Mwalimu alipinga hata hiyo. Mwalimu yeye ni Sholay, ya 1975, na hotuba yake tunaijua kwa moyo: kwamba mwisho uliotoka mwaka ule si ule waliotaka watengenezaji, kwa sababu wadhibiti wa filamu India walikataa Thakur amuue jambazi Gabbar, ikabidi polisi watokee. "Kwa hiyo hata wewe, Mwalimu," nikamwambia mbele ya watu, "muvi yako ya maisha imeshikwa na mkono mwingine." Wakacheka. Akanyoosha kidole kwenye deki: weka mkanda.

Nikaweka. Chenga. Mistari. Kisha picha ikasimama.

Harusi.

Ujiji, kwa namna nyumba na miembe ilivyo. Pembeni chini tarehe ya njano: mwezi wa nane, 2003. Akina mama wamevaa sare ya kitenge cha zambarau, taarabu inasikika kama inatoka ndani ya pipa. Ile selotepu. Babu alikuwa amechukua Komandoo akarekodi harusi ya bintiye juu yake.

Mwalimu alianza kucheka, halafu akanitazama usoni akaacha. Nilitaka kuzima. Kapteni akasema, "Acha, acha. Yule si mzee wa mashine ya kukoboa?" Na kweli ni yeye, kijana, ana nywele. Basi ikawa ndiyo muvi. Watu wanasimama kwenda karibu na ukuta, wanataja majina, yule ana duka sasa, yule yuko Kasulu, huyo mtoto anayelia ndiye bodaboda aliyeleta mkanda. Sijawahi kuona kibanda changu kimetulia hivyo kwa muvi yoyote ya kulipia.

Dakika kama ya arobaini watu wanagawiwa pilau. Kamera inapita kwenye mkeka wa wanaume. Mwanamume mwenye shati la mistari anainua mkono kujificha uso, anacheka, mchele umebaki kwenye ndevu. Sekunde tano, pengine sita. Nyuma yangu nikasikia benchi likisogezwa.

Hakuna aliyesema kitu. Harusi ikaendelea, zawadi, masufuria, kitanda kikapita juu ya vichwa vya watu, kisha chenga tena, ndefu. Nikanyoosha mkono kuzima.

Ndipo sauti ikatoka kwenye sabufa. Imechakaa, inapanda na kushuka, lakini ni yeye. Pumzi ileile kabla ya neno. Komandoo amembeba binti yake ufukweni, maiti zimejaa kisiwani, jenerali kafika na wanajeshi wake, kila kitu kimeshaisha. Jenerali anamwomba arudi jeshini. Na Arnold, kwa sauti ya fundi cherehani wa Mwanga, anajibu: "Afande, mimi siwezi. Tumeshafika Kigoma, mtoto ana njaa, niache nikamtafutie dagaa." Kisha binti na baba wanaingia kwenye ndege ya majini, na mtafsiri anatangaza kwa upole, kama kondakta anayepita kuamsha watu: "Mwisho wa reli. Shukeni taratibu, msisahau mizigo."

Dakika tatu na nusu. Nilizihesabu baadaye kwenye simu, maana fundi simu alikuwa amerekodi ukuta mzima tangu mwanzo bila kuniambia.

Mwalimu alinyoosha mkono juu kama mwanafunzi. "Ipo," akasema. "Nakubali ipo."

Saa 4:20 usiku

Wameondoka. Nakunja nyaya. Mama lishe bado amekaa kwenye benchi la pili, kanga amejifunika mabega.

"Baba, rudisha pale kwenye pilau."

Nikamweleza kuhusu utepe, kwamba ni mzee, kwamba unaweza kukatika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Rudisha."

Nikarudisha. Deki ililalamika, ikazunguka. Shati la mistari, mkono, kicheko. Nikasimamisha kabla ya kuulizwa, picha ikawa inatetemeka lakini ikakaa. Mama lishe alikuwa anatabasamu na yeye.

Akanyanyuka akausogelea ukuta, kivuli chake kikaingia kwenye mkeka pale kati ya wanaume. Akarudi nyuma ili kisiizibe. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa noti.

"Kuweka kwenye flash," akauliza, "ni mia tano ileile?"