Jino linauma, mkono uko sikioni

Kadiri ninavyozidi kukaa na kompyuta ndivyo ninavyozidi kuushuku ujumbe wa hitilafu. Sisemi kwamba unadanganya. Tatizo ni kwamba anayeutoa ni programu iliyokwama, na iliyokwama inajua pale ilipokwama tu. Nani kaiziba njia haijui. Ni kama mtu anayeumwa jino la nyuma akashika sikio: maumivu ni ya kweli kabisa, ila mahali sipo. Wiki hii mambo ya aina hiyo yamenifuata hadi nimeona bora niyaandike kabla hayajapoa.

Aliyefungua dimba ni shangazi. Alinipigia asubuhi kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa nyumba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu acha unachokifanya. Kompyuta inasema nimeingiliwa na wezi."

Nikamwomba anisomee kama kilivyoandikwa. Akasoma taratibu: muunganisho wako si wa faragha, huenda kuna wavamizi wanajaribu kuiba taarifa zako. Kila tovuti aliyoijaribu ilikuwa hayo hayo. Programu ya barua pepe nayo imegoma, inadai haiwezi kuiamini seva. Kinga ya virusi imeweka alama nyekundu. Masasisho ya mfumo yanasema yajaribiwe baadaye. Programu nne, malalamiko manne, kila mmoja na wimbo wake. Kufikia hapo shangazi alikuwa ameshachomoa waya wa intaneti na kuifunika kamera kwa leso.

Nikamuuliza kompyuta inasema leo ni tarehe ngapi. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta miwani.

"Tarehe mosi Januari," akasema. "Mwaka... eh, hii mashine imechanganyikiwa. 2015."

Basi, hapakuwa na mwizi. Cheti cha usalama cha tovuti, yaani kitambulisho chake, kina tarehe mbili ndani yake, ya kuanza kutumika na ya kwisha, na kivinjari huzilinganisha na saa ya kompyuta yenyewe. Mashine inayoamini kwamba iko 2015 ikioneshwa cheti cha leo, inaona cheti ambacho siku yake haijafika. Kwa kivinjari, hicho ni batili sawa na cha kughushi, kwa hiyo kinapiga kelele ile ile. Kilifanya kazi yake kwa uaminifu. Aliyelikoroga ni betri ndogo ya duara kwenye bodi mama, ile inayoitwa CR2032, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Jina lake ni vipimo vyake: 20 ni kipenyo cha milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ina volti 3. Ikifa, kila kompyuta ikichomolewa, saa inarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani, na kuanzia hapo programu zote zinaishi katika mwaka ambao umeshapita.

Utauliza mbona saa isijirekebishe kwa intaneti. Mara nyingi hujirekebisha. Lakini programu za kulinganisha saa zimetiwa woga wa makusudi. ntpd ya kwenye mifumo ya Unix, kwa kawaida yake, ikikuta tofauti imezidi sekunde 1000 hugoma na kujizima, kwa hoja kwamba saa ikipotea kiasi hicho kuna balaa jingine linalohitaji macho ya mtu. Mimi huo woga naupenda. Saa inayokubali kila inachoambiwa ni hatari kuliko saa iliyokufa. Ya shangazi ni mfumo mwingine, ila inaelekea nayo ni mwoga vilevile.

Na hili litazidi kutusumbua. Mwezi Septemba 2020 kikomo cha umri wa cheti cha tovuti ya umma kiliwekwa siku 398, na baadaye ikakubaliwa muda huo upunguzwe hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo 2029. Leo saa iliyochelewa miezi miwili inaweza kupenya kwenye tovuti zenye vyeti vya muda mrefu bila mtu kushtuka. Vyeti vikifika siku 47, saa hiyo hiyo haitapata mlango hata mmoja ulio wazi.

Nilimwelekeza shangazi kuirekebisha tarehe kwa mkono, wezi wote wakatoweka. Betri nilikwenda kuibadilisha mwenyewe baadaye.

"Kwa hiyo yote hii ni saa tu?"

"Saa tu, shangazi."

"Basi si ingesema saa!"

Hapo alinipata. Kuna vivinjari ambavyo siku hizi husema waziwazi kwamba saa yako iko nyuma, na aliyewaza kuandika ukurasa ule nampa heshima zake. Cha shangazi hakikusema.

Siku hiyo hiyo usiku, kama vile kompyuta zimepigiana simu, seva yangu ndogo ikaacha kuandika chochote. Nikitaka kuhifadhi faili, jibu ni moja: hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Nikaandika df -h nione diski ilivyo. Imetumika asilimia 41. Zaidi ya nusu ya diski iko wazi, na mfumo unaapa kwamba imejaa.

Wanaoishi na Linux, mfumo unaoiendesha seva hiyo, wameshajua naelekea wapi. df -i, inayohesabu inodi badala ya nafasi, ikaonesha asilimia 100. Kila faili kwenye mfumo wa mafaili wa ext4 linahitaji inodi yake, yaani ingizo dogo linalotunza mwenye faili, ruhusa zake na mahali yalipo maudhui. Faili la baiti sifuri linachukua inodi moja sawa na filamu ya saa mbili. Na idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoumbizwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, kisha haiongezwi tena mpaka mfumo wenyewe wa mafaili ukuzwe. Programu moja ya kutengeneza vijipicha ilikuwa inaandika kijifaili kila inapoombwa picha, na hakuna aliyeiambia isafishe. Folda moja ilikuwa na mafaili hadi ls, amri ya kuyaorodhesha, ikaduwaa, mshale unapepesa tu kwenye skrini.

Nikaenda kufuta. Amri ya rm na kinyota chake (*, yaani mafaili yote) ikakataa: orodha ya hoja, yaani vitu amri inavyopewa ivishughulikie, ni ndefu mno. Huu sasa ni ujumbe mzuri! Kinyota hakiendi kwa rm kama kinyota. Ganda la amri, yaani programu inayopokea ninachoandika, hukikunjua kwanza kuwa majina yote ya mafaili, na kiini cha mfumo kina kikomo cha urefu wa orodha kinachokubali kupokea. Ujumbe umesema kilichotokea na mahali kilipotokea. Nikatumia find yenye -delete, inayofuta moja baada ya jingine bila kujaza orodha, nikaiacha ijitafunie. Inodi zikaanza kurudi.

Kwa nini ule wa kwanza ulinipeleka kwenye njia ya uongo? Kwa sababu ndani ya mfumo msimbo wa kosa ni mmoja, ENOSPC, uwe umeishiwa nafasi ya maudhui au umeishiwa inodi. Mlinzi wa chini kabisa anajua tofauti. Anapanda ghorofani na neno moja mkononi, na kila ghorofa analopita wanalitafsiri kwa wanavyolielewa. Likifika kwa programu unayoitazama, limekuwa sentensi fasaha na imekosa lile jambo ulilolihitaji. Ndiyo maana mimi sibishani na sentensi. Natafuta msimbo, nashuka nao.

Hayo ni makosa yanayolia. Kuna yasiyolia, na hayo ndiyo yanayoninyima usingizi. Rafiki yangu mmoja alifungua orodha ya namba za simu kwenye programu ya jedwali, akaongeza majina mawili, akahifadhi. Sifuri za mwanzo zote zikapotea, maana programu iliona tarakimu ikadhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Hakuna dirisha lililofunguka, hakuna rangi nyekundu. Orodha ilionekana safi kabisa mpaka mtu alipojaribu kupiga.

Wanasayansi wa vinasaba yamewakuta makubwa zaidi. Kulikuwa na jeni zinazoitwa SEPT1 na MARCH1, na Excel ikiziona ilizigeuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba katika makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, karibu moja katika kila tano ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadilisha majina yenyewe: SEPTIN1, MARCHF1. Mpaka leo nacheka nikilikumbuka, kicheko cha uchungu kidogo. Ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha jina la kitu kilichomo mwilini mwa kila mtu kuliko kusubiri jedwali lijifunze kuuliza. Swichi ya kuzima ugeuzaji huo ilikuja 2023.

Kati ya jedwali linalonyamaza na kivinjari kinachopiga mayowe, bora mayowe. Hata ya kipuuzi. Linux ina ujumbe wa zamani unaodai kwamba printa lp0 inawaka moto. Si utani mtupu: printa imeripoti kwamba ina hitilafu, lakini haisemi karatasi zimeisha wala haisemi kwamba haiko tayari kupokea kazi, na aliyeandika msimbo akaona, basi, kilichobaki ni moto. Angalau mtu ataamka kitini akaitazame.

Na sasa ninapoandika, kipanya changu kisicho na waya kinarukaruka. Mfumo unasema betri yake iko chini. Nimeweka betri mpya, bado kinaruka, na bado unasema iko chini. Nilichokiona ni kwamba kinaruka pale tu ninaponakili mafaili kwenda diski ya nje, na diski hiyo imechomekwa kwenye tundu la USB 3 lililopakana na kipokezi cha kipanya. Intel walishaandika mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3 vinapopitisha data humwaga kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na humo humo ndimo vipanya vya namna hii vinamoongelea. Nimehamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu. Kunakili kunaendelea na kipanya kimetulia kwa kiasi, ila kikivuka katikati ya skrini bado kinashtuka kidogo. Nina waya mfupi wa kurefusha USB mahali fulani kwenye droo. Nikiupata nitakitoa kipokezi kikae mbali na diski, nione kama ile alama ya betri nayo itaacha kulalamika.